Kitambi kinavyomkaba mwenye pumu uwanjani

NENDA kwenye bonanza lolote la maveterani Jumapili asubuhi, iwe Leaders Club pale Kinondoni au uwanja wa vumbi wa mtaani kwenu, halafu acha kuangalia mpira. Subiri dakika ya 15.

Hapo utaona mtu kasimama katikati ya uwanja, mikono magotini, mdomo wazi, mabega yanapanda na kushuka. Pembeni watani wanapiga kelele wakimtaka akakiweke kwanza kitambi nyumbani. Anacheka, anaomba sabu, anakwenda kukaa chini ya mti. Wiki inayofuata hayupo. Ukiuliza unaambiwa jamaa ana pumu, mpira kaachana nao.

Makosa mawili yamefanyika kwa mpigo. Watani wanadhani ni kitambi tu. Mwenyewe anadhani ni pumu tu. Kiukweli wapo wengi wenye vyote viwili, na hivyo viwili vinapasiana kama mastraika waliocheza pamoja miaka kumi. Kimoja kinatengeneza, kingine kinamalizia.

Na hili si suala la utani. Shirika la Afya Duniani (WHO) linasema mwaka 2019 watu milioni 262 duniani walikuwa na pumu, na 455,000 walifariki kwa ugonjwa huo. Vifo vingi vinatokea kwenye nchi za kipato cha chini na cha kati, kundi ambalo sisi tumo, na sababu kubwa ni watu kutogundulika mapema na kutopata dawa sahihi.

Kwa hiyo kabla hujamwambia mtu atoe kitambi, na kabla wewe mwenye pumu hujatundika daluga, tuelewane kwanza nini kinatokea mle ndani ya kifua.

PUMU YENYEWE IKOJE

Njia za hewa ni mabomba yanayogawanyika kama matawi ya mti, kutoka kooni hadi ndani kabisa ya mapafu. Kwa mwenye pumu, kuta za mabomba hayo zina uvimbe wa muda mrefu na ni nyepesi kuchokozeka. Likija vumbi, moshi, mafua, baridi ya alfajiri au mbio za ghafla, mambo matatu yanatokea kwa pamoja: misuli inayozunguka njia inajikaza, kuta zinavimba zaidi, na makohozi mazito yanaziba nafasi iliyobaki.

Ndiyo maana kifua kinabana na pumzi inatoka na mlio kama filimbi. Wengi wanadhani tatizo la pumu ni kuingiza hewa. Hapana. Kazi kubwa zaidi ni kuitoa. Hewa iliyotumika inakwama ndani, na mpya inakosa pa kuingilia.

Hapo bado hatujamweka kitambi uwanjani.

TUMBO LINAPUNGUZA UWANJA

Chini ya mapafu kuna msuli mpana unaoitwa kiwambo, umetandazwa kati ya kifua na tumbo kama ngozi ya ngoma. Ukivuta pumzi, kiwambo kinashuka na mapafu yanapata nafasi ya kutanuka. Ukitoa, kinapanda.

Mtu mwenye kitambi kikubwa ana mzigo wa mafuta tumboni unaokisukuma kiwambo juu muda wote. Juu yake kuna mafuta mengine yaliyoizunguka mbavu, yanakigandamiza kifua kwa nje. Yaani mapafu yanakabwa juu na chini, kama timu iliyobanwa kwenye nusu yake ya uwanja na kila pasi inapigwa kwenye msongamano.

Sasa sikia jambo ambalo wengi hawalijui. Mwanaume wa umbo la kawaida akiwa ametulia na amemaliza kutoa pumzi, ndani ya mapafu yake hubaki hewa ya kama lita 2 na nusu. Hewa hiyo ina kazi. Ndiyo inayozishikilia zile njia ndogo zisisinyae. Uzito ukiongezeka, hewa hiyo ya akiba inapungua, na vipimo vinaonyesha inaanza kushuka hata kabla mtu hajafikia kiwango cha kuitwa mnene kupitiliza.

Ikipungua, njia ndogo za chini ya mapafu zinakuwa nyembamba, nyingine zinajifunga kabisa kwa muda. Kwa mtu asiye na pumu hilo linaleta kuhema haraka tu akipanda ngazi. Kwa mwenye pumu, ambaye njia zake tayari ni nyembamba na zimevimba, ni kama kumpa mpinzani bao moja kabla ya filimbi ya kwanza.

Kuna na jambo la pili. Ukivuta pumzi ndefu, misuli ya njia za hewa inanyooshwa na kulegea. Wachezaji wanaelewa hili, msuli usionyooshwa unakakamaa. Mtu mnene anapumua juu juu, pumzi fupi fupi, kwa hiyo misuli hiyo hainyooshwi vya kutosha. Ikichokozwa, inajikaza kwa urahisi zaidi.

La tatu ni hesabu ya kawaida. Mwili wa kilo 95 unahitaji oksijeni nyingi zaidi kukimbia mita 50 kuliko mwili wa kilo 72. Mahitaji yamepanda, huku nafasi ya kuleta hewa imeshuka. Dakika ya 15 inatosha kukuumbua.

MAFUTA HAYAKAI KIMYA

Ingekuwa ni suala la kubanwa tu, tungeishia hapo. Lakini mafuta ya mwilini si mzigo uliolala kama gunia la mchele. Yanafanya kazi, yanamwaga kemikali kwenye damu. Baadhi ya kemikali hizo, kama leptini, zinachochea uvimbe mwilini, na njia za hewa hazisalimiki.

Mwaka 2019 watafiti wa Australia walichapisha kazi iliyowashtua wengi. Walichunguza mapafu ya watu 52 waliokwisha kufariki, wengine walikuwa na pumu, wengine hawakuwa nayo. Walikuta mafuta yamejikusanya ndani ya kuta za njia za hewa zenyewe, na kadiri uzito wa mtu ulivyokuwa mkubwa ndivyo mafuta hayo yalivyokuwa mengi. Maana yake ni kwamba unene haukai nje ya mapafu tu na kuyakandamiza. Unaingia mpaka ndani ya bomba.

Uzito pia unaweza kuanzisha pumu kwa mtu ambaye hakuwa nayo. Mwaka 2007 zilijumlishwa tafiti saba zilizofuatilia watu zaidi ya 333,000, ikaonekana wenye uzito mkubwa walikuwa na uwezekano wa kupata pumu kwa karibu asilimia 50 zaidi ya wenye uzito wa kawaida. Kwa hiyo yule mkongwe anayesema hajawahi kuwa na pumu tangu utotoni, imemjia ukubwani, anaweza kuwa anasema ukweli mtupu.

Dada zetu wa netiboli na jogging nao wasione hii ni habari ya wanaume. Tafiti nyingi zinaonyesha uhusiano wa unene na pumu ni mkubwa zaidi kwa wanawake. Na hapa nyumbani, utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015-16 ulikuta asilimia 28 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 wana uzito uliozidi au unene kupitiliza.

DAWA INAZIDIWA NGUVU

Mwenye pumu mnene mara nyingi analalamika dawa hazimsaidii kama zinavyowasaidia wenzake. Si kwamba anajitungia. Dawa ya kuvuta ya kupunguza uvimbe hufanya kazi kwa udhaifu zaidi kwa baadhi ya watu wenye unene mkubwa, kwa sababu aina ya uvimbe wao ni tofauti kidogo, na kwa sababu dawa haiwezi kuusogeza mkandamizo wa tumbo.

Halafu unakuja mzunguko mbaya. Pumu ikibana sana, mgonjwa anapewa vidonge vya prednisolone. Vinaokoa maisha, lakini vikitumika mara kwa mara vinaongeza hamu ya kula na uzito. Uzito ukipanda, pumu inabana tena, vidonge vinarudi tena. Dawa ya mzunguko huo si kuacha vidonge kienyeji. Ni kuidhibiti pumu mapema kwa dawa ya kila siku ili usifike kwenye vidonge.

Kuna wasumbufu wengine wawili wanaoingia kutokea benchi. Kwanza ni tindikali ya tumboni, ile kiungulia, ambayo kwa mtu mwenye kitambi hupanda kooni kirahisi, hasa akila usiku sana na kulala hapo hapo. Inachochea kikohozi na kubanwa usiku. Pili ni kukoroma kwa kukatika pumzi usingizini. Mtu analala saa nane, anaamka kachoka kama ametoka kucheza dakika 120.

SI KILA KUHEMA NI PUMU

Hapa naomba tusikilizane vizuri, maana kuna watu wanavuta dawa ya ugonjwa wasiokuwa nao. Mwaka 2008 watafiti wa Canada waliwapima upya watu walioambiwa na madaktari kuwa wana pumu. Karibu theluthi yao, wanene kwa wembamba, hawakukutwa nayo.

Mtu mwenye kilo nyingi anaweza kuhema sana kwa sababu ya uzito tu, au kwa kukosa mazoezi, au kwa sababu ya moyo. Tiba zake hazifanani. Kinachotenganisha ni kipimo cha kupuliza, ambapo mgonjwa anapuliza kwa nguvu kwenye mashine inayopima kiasi cha hewa na kasi yake, kabla na baada ya kuvuta dawa. Kipo hospitali kubwa. Ukiwa umeambiwa una pumu kwa kusikilizwa kifua tu, omba rufaa upimwe.

Dalili zinazoelekea kwenye pumu ni kubanwa kunakokuja na kuondoka, mlio wa filimbi kifuani, kikohozi cha usiku au alfajiri, na kubanwa dakika chache baada ya kumaliza mbio, si wakati wa mbio pekee. Lakini ukipata maumivu ya kifua yanayokwenda mkononi au kwenye taya, usikae kubishana kama ni pumu au kitambi. Kimbia hospitali.

KILO TANO ZINATOSHA KUANZA

Sasa habari njema. Huna haja ya kurudi kwenye umbo lako la Umitashumta.

Chukua mtu wa urefu wa mita 1.70 na kilo 95. Gawanya uzito kwa urefu uliozidishwa kwa wenyewe, unapata karibu 33. Kuanzia 25 ni uzito uliozidi, kuanzia 30 ni unene kupitiliza. Hesabu hii haimtendei haki mtu wa misuli mingi, kwa hiyo chukua pia utepe wa fundi cherehani upime kiuno. Kikivuka sentimita 102 kwa mwanaume, au 88 kwa mwanamke, hilo ni onyo.

Ili awe na uzito wa kawaida, jamaa huyo angetakiwa kushuka chini ya kilo 72. Ukimwambia hivyo anakata tamaa siku hiyo hiyo. Lakini mwaka 2013 watafiti wa Australia waliwafuata wanene wenye pumu waliopunguza uzito, wakakuta waliopunguza kati ya asilimia 5 na 10 tu, wengi wao pumu yao ilidhibitika vizuri zaidi kwa kiwango cha kuonekana. Kwa mtu wa kilo 95, hiyo ni kilo 5 mpaka 9 na nusu.

Finland walionyesha jambo hilo mapema zaidi, mwaka 2000. Watu 19 wenye pumu waliopunguza wastani wa asilimia 14 ya uzito wao walipuliza vizuri zaidi kwenye kipimo na dalili zilipungua, wakilinganishwa na wenzao 19 ambao hawakuwekwa kwenye mpango huo. Mwaka mmoja baadaye nafuu ilikuwa bado ipo.

Brazil, nchi ya mpira, waliuliza swali linalotuhusu sisi wa kurasa za michezo: je, mazoezi yanaongeza kitu juu ya kupunguza chakula? Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 kutoka Sao Paulo ulijibu ndiyo. Waliochanganya lishe na mazoezi walipungua zaidi na pumu yao ilitulia zaidi ya wale waliopewa lishe na kunyoosha viungo tu.

Kwa hiyo yule aliyeachana na mpira kwa sababu ya pumu alifanya kinyume kabisa. Alitakiwa kubadilisha namna ya kucheza. Kukaa nyumbani kunaongeza kilo, na kilo zinairudishia pumu nguvu.

TATIZO NI DAKIKA 90 ZA BAADA YA MECHI

Wadau wa bonanza mtanisamehe hapa. Mtu wa kilo 90 akicheza nusu saa ya mpira wa maveterani anachoma kalori kama 300. Bia moja ya nusu lita ina kalori kama 200. Mechi inaisha saa nne asubuhi, saa nane mchana bado meza imejaa chupa, nyama choma na chipsi. Huyo hajafanya mazoezi, amefungua hamu ya kula.

Na jiko la nyama choma likikaa upande unakotokea upepo, moshi wake unaingia uwanjani moja kwa moja kwenye vifua vya wenye pumu. Kulihamishia upande wa pili hakugharimu hata shilingi.

Hakuna chakula cha miujiza. Punguza soda na juisi za sukari, punguza vya kukaanga, ugali na wali viwe robo ya sahani, mboga nusu, nyama au maharage robo. Kula usiku mapema. Tembea kwa haraka dakika 30 siku tano za wiki kabla hujafikiria kukimbia. Jumapili moja kwa wiki haitoshi, na ndiyo inayowaua watu pumzi.

Ukifika uwanjani, pasha misuli polepole dakika 10 hadi 15. Kwa mwenye pumu hiyo ni kinga, inapunguza uwezekano wa njia za hewa kujikaza ghafla. Cheza dakika 10, toka, pumzika, rudi. Sabu za kuingia na kutoka ziliwekwa kwa ajili hiyo. Uwanja ukiwa na vumbi kali, umwagiwe maji kwanza.

PAMPU YA BLUU PEKE YAKE HAITOSHI

Wengi wanatembea na ile pampu ya bluu mfukoni, salbutamol, wanavuta wakibanwa na maisha yanaendelea. Inalegeza misuli ya njia za hewa kwa muda, lakini haigusi uvimbe. Tangu mwaka 2019 miongozo ya kimataifa ya GINA haishauri tena watu wazima na vijana kutibu pumu kwa dawa hiyo peke yake. Wanatakiwa wawe na dawa ya kuvuta yenye kupunguza uvimbe. Ukijikuta unaitafuta ya bluu zaidi ya mara mbili kwa wiki, pumu yako haijadhibitiwa, rudi kwa daktari. Na usiache dawa kwa sababu umepungua kilo tatu.

Kwa vijana wanaocheza ligi na wanaogopa kupimwa dawa zilizokatazwa michezoni: salbutamol ya kuvuta inaruhusiwa na WADA, isizidi mikrogramu 1,600 kwa saa 24 wala 600 ndani ya saa 8. Mpulizo mmoja kwa kawaida ni mikrogramu 100. Vidonge vyake ndivyo vilivyokatazwa. Prednisolone ya vidonge nayo hairuhusiwi wakati wa mashindano bila kibali cha matibabu. Mwambie daktari wa timu mapema.

WALIOBEBA MAKOMBE NA PUMU YAO

Anayedhani pumu na soka haviendi pamoja amuulize shabiki yeyote wa Manchester United kuhusu Paul Scholes. Ana pumu, na alistaafu akiwa na mataji 11 ya Ligi Kuu England. David Beckham, aliyeichezea England mara 115, ana pumu pia. Paula Radcliffe, mwenye pumu tangu ujana, aliweka rekodi ya dunia ya marathoni ya wanawake London mwaka 2003, na ilidumu miaka 16 hadi Mkenya Brigid Kosgei alipoivunja Chicago mwaka 2019.

Hao wana mambo mawili yanayofanana: walitumia dawa zao ipasavyo, na miili yao haikubeba mzigo wa ziada.

KAZI YA KIONGOZI WA TIMU

Kila timu ya maveterani ina mtu wa kukusanya michango na mtu wa kufua jezi. Iwe pia na orodha ya wachezaji wenye pumu, na pampu zao ziwe kwenye begi la huduma ya kwanza pembeni ya uwanja. Ndani ya gari lililofungwa hazimsaidii mtu.

Mchezaji akibanwa, asimamishe mchezo, akae wima, asilazwe. Legeza nguo shingoni, wapisheni watu wasimzunguke. Avute pampu ya bluu mpulizo mmoja mmoja, kati ya 4 na 10, akivuta taratibu na kushikilia pumzi kila mara. Kama kuna chupa maalumu ya kuvutia dawa, itumike, maana bila hiyo dawa nyingi inaishia mdomoni. Asipopata nafuu, au akishindwa kumaliza sentensi, au midomo ikianza kuwa ya bluu, apelekwe hospitali bila kusubiri filimbi ya mwisho, na aendelee kuvuta dawa njiani.

Na kuhusu yule aliyeacha kuja kwa sababu ya pumu, kapteni ampigie simu wiki hii. Amwambie nafasi yake ipo, aanze na dakika 10, aje na pampu yake.